Kikomo cha mishahara: Dawa ya wanyonge au kitanzi cha mchezaji?

Aprili 22, 2010, mashabiki wa klabu ya Melbourne Storm nchini Australia waliamka wakiwa mabingwa, wakalala mikono mitupu. Siku hiyo hakukuwa na mechi, wala hakuna refa aliyepuliza filimbi. Viongozi wa Ligi ya Taifa ya Raga, inayojulikana kwa kifupi chake cha NRL, waliitisha mkutano na waandishi wa habari na kusoma hukumu: ubingwa wa mwaka 2007 umefutwa, na wa mwaka 2009 pia umefutwa. Pointi zote ambazo timu ilikuwa imezivuna msimu ule zilifutwa, na mechi zote zilizobaki itazicheza bila kupata hata pointi moja.

Kosa la Storm halikuwa dawa za kusisimua misuli wala kununua mechi. Kosa lao lilikuwa kuwalipa wachezaji wao vizuri kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako klabu yenye tajiri nyuma yake hujinadi hadharani kwa kusajili nyota kwa fedha nyingi, hukumu hiyo inaweza kusikika kama mzaha. Tangu lini kumlipa mfanyakazi vizuri kukawa uhalifu? Lakini katika raga ya wachezaji 13, mchezo tofauti na ule wa wachezaji 15 uliozoeleka Nairobi na Kampala, swali hilo limeshughulikiwa kwa zaidi ya miaka 30. Majibu yaliyopatikana yana funzo kwa yeyote anayejiuliza kwa nini bingwa wa ligi ya nyumbani kwake anajulikana kabla msimu haujaanza.

Mchezo uliozaliwa na madai ya posho

Historia ya raga ya wachezaji 13 ina kejeli yake. Ilizaliwa kwa sababu ya fedha za wachezaji. Agosti 29, 1895, wawakilishi wa klabu zaidi ya 20 za kaskazini mwa England walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitenga na chama kikuu cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na kila aliyekwenda uwanjani alipoteza ujira wake. Klabu zilitaka kuwafidia. Wakubwa wa chama, wengi wao watu wenye nafasi ambao hawakuhitaji ujira wa Jumamosi, walikataa kwa hoja kwamba raga ni mchezo wa ridhaa.

Mgogoro huo ulizaa mchezo mpya, ambao baadaye ulipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 na kuvuka bahari. Mwaka 1908 ligi ya Sydney ilichezwa kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, ruhusa ya kulipa ilileta tatizo jingine. Mwenye nacho aliongezewa. Klabu ya St George ya Sydney ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1966. Klabu zilizokuwa na kumbi kubwa za burudani na mashine nyingi za kamari zilikuwa na mapato ya kuwanasa nyota wa klabu jirani, na zile za mitaa ya wafanyakazi zilibaki kuwa vitalu vya kuwakuzia wengine wachezaji. Newtown, moja ya klabu waasisi wa ligi hiyo, iliondoka mwaka 1983 kwa sababu ya hali mbaya ya fedha.

Mwaka 1990 wakuu wa ligi hiyo waliamua kuweka kikomo: kila klabu isitumie zaidi ya kiasi fulani kwa mishahara ya wachezaji wake. Utaratibu huo ulitikiswa katikati ya miaka ya 1990, wakati matajiri wawili wa vyombo vya habari, Rupert Murdoch na Kerry Packer, walipogombea haki za matangazo ya mchezo huo na mishahara ikapaa. Mwaka 1997 nchi ilikuwa na ligi mbili zinazoshindana. Vita vilipokwisha na NRL kuanza mwaka 1998, kikomo cha mishahara kilikuwa miongoni mwa nguzo za ligi hiyo mpya.

Mpinzani wako ni mtaji wako

Wachumi wa michezo wanalieleza jambo hili kwa mfano wa ndondi. Mwaka 1964 Mmarekani Walter Neale aliandika kuhusu bingwa wa uzito wa juu, Joe Louis. Mwenye duka hufurahi duka la jirani likifungwa, kwa kuwa wateja watakuja kwake. Bondia hana bahati hiyo. Akibaki peke yake duniani hana wa kupigana naye, na bila pambano hapati hata senti. Anachouza si ngumi zake peke yake, ni wasiwasi wa mtazamaji asiyejua nani ataanguka.

Ligi ni hivyohivyo. Klabu hazishindani sokoni kama wauza nguo wa Kariakoo au Gikomba. Zinatengeneza bidhaa moja kwa pamoja, nayo ni mechi. Klabu moja ikiwameza wenzake wote, itakuwa imemeza na biashara yake.

Kwa sasa NRL ina klabu 17. Kila klabu husajili kikosi cha wachezaji 30, na mishahara yao kwa pamoja haipaswi kuvuka kikomo kilichowekwa, ambacho kwa miaka ya karibuni kimezidi dola milioni 11 za Australia kwa mwaka. Kila mkataba husajiliwa makao makuu ya ligi, ambako wapo wakaguzi wenye mamlaka ya kuomba barua, risiti na taarifa za benki.

Jambo moja muhimu husahaulika katika mijadala mingi. Fedha za matangazo ya televisheni hazichukuliwi na klabu zenye mashabiki wengi peke yao. Huingia katika mfuko mmoja, na kila klabu hupewa mgawo ambao ni mkubwa kuliko kikomo chenyewe. Maana yake ni kwamba hata klabu maskini kuliko zote ina uwezo wa kulipa kikosi chake hadi ukingoni. Kikomo kinamzuia tajiri, na mgawo unamnyanyua maskini. Ukiondoa kimoja, kingine hakisimami.

Daftari mbili

Palipo na sheria hapakosi mjanja. Mwaka 2002 klabu ya Bulldogs ya Sydney ilikuwa kileleni mwa msimamo baada ya kushinda mechi 17 mfululizo, ilipobainika kwamba imevuka kikomo kwa kiasi kikubwa. Ilitozwa faini ya dola 500,000 na kunyang'anywa pointi 37. Timu iliyokuwa inahesabu siku za kucheza fainali ikaporomoka hadi mkiani.

Storm walikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mitano, kuanzia 2006, baadhi ya maofisa wao waliweka kumbukumbu za aina mbili. Mkataba mmoja ulipelekwa makao makuu, na ahadi za malipo mengine zikafichwa. Taarifa ya kwanza ilitaja takribani dola milioni 1.7, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kiasi kikubwa zaidi. Mbali na kupokonywa mataji mawili, klabu ililipa faini ya dola 500,000 na kutakiwa kurejesha zawadi za fedha zinazozidi dola milioni 1.

Fikiria hali ya wachezaji wale. Siku tatu baada ya hukumu waliingia uwanjani na kushinda mechi isiyokuwa na pointi, mbele ya mashabiki wao. Waliendelea hivyo hadi mwisho wa msimu, wakashika nafasi ya mwisho kwenye msimamo. Ili klabu irudi chini ya kikomo, ilibidi baadhi ya nyota waondoke. Mmoja wao, Greg Inglis, alihamia South Sydney, klabu kongwe iliyokuwa haijaonja ubingwa tangu 1971. Mwaka 2014 South Sydney walitwaa ubingwa, na Inglis ndiye aliyefunga trai ya mwisho ya fainali.

Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Parramatta Eels: pointi 12 na faini ya dola milioni 1. Wapo wanaosema mfululizo huo wa kashfa ni ushahidi kwamba sheria haifanyi kazi. Wengine wanauona kinyume chake, kwamba sheria ambayo haijawahi kumwadhibu mkubwa yeyote ndiyo ya kutiliwa shaka. Storm haikuwa klabu ya uchochoroni. Wakati ule ilimilikiwa na kampuni ya Murdoch, iliyokuwa pia na ubia katika ligi yenyewe. Hilo halikuyaokoa mataji yake.

Takwimu zinasema nini?

Kuanzia 1998 hadi 2017, miaka 20 kamili, hakuna klabu iliyotetea ubingwa wa NRL. Katika kipindi hicho klabu 12 tofauti zilibeba kombe. North Queensland Cowboys walilichukua kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Cronulla, waliokuwa wamesubiri tangu walipoingia ligi mwaka 1967. Mashabiki waliozaliwa, wakaoa na kupata wajukuu bila kuona kombe, waliliona.

Mambo yakabadilika. Sydney Roosters walishinda 2018 na 2019. Kisha Penrith Panthers, klabu ya vitongoji vya magharibi mwa Sydney, ikatwaa mataji manne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, jambo lililodhaniwa haliwezekani chini ya kikomo.

Penrith hawakupatikana na daftari la pili. Siri yao ilikuwa mtaani. Eneo lao lina vijana wengi wanaocheza mchezo huo, wengi wakiwa watoto wa familia zenye asili ya Samoa na visiwa vingine vya Pasifiki, na klabu iliwekeza katika kuwalea. Kijana aliyelelewa nyumbani hupatikana kwa mshahara mdogo kabla jina lake halijakua. Tatizo huja linapokua. Mwaka hadi mwaka Penrith walilazimika kuwaaga watu wao. Viliame Kikau na Apisai Koroisau waliondoka baada ya msimu wa 2022, Stephen Crichton baada ya 2023, na Jarome Luai na James Fisher-Harris baada ya 2024. Mwaka 2025 Penrith walianza vibaya, wakajikongoja hadi nusu fainali, na hapo Brisbane Broncos wakawatoa kwa pointi 16 dhidi ya 14. Broncos ndio waliotwaa ubingwa.

Kwa hiyo kikomo hakikuzuia utawala wa Penrith. Kilichofanya ni kuupandishia gharama kila mwaka, hadi ukachoka.

England: Dawa ileile, mgonjwa mwingine

Kama kikomo peke yake kingetosha, England ingekuwa na mabingwa wengi kuliko Australia. Ligi yao, Super League, iliweka kikomo mwaka 1998. Tatizo lilikuwa wazi: klabu ya Wigan ilikuwa imechukua Kombe la Challenge mara nane mfululizo, kuanzia 1988 hadi 1995. Hata hivyo, kutoka Super League ilipoanza mwaka 1996 hadi 2024, ubingwa ulizunguka kwa klabu nne tu: Wigan, St Helens, Leeds na Bradford. Ilibidi isubiriwe hadi Oktoba 2025, Hull Kingston Rovers walipoifunga Wigan na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1985.

Kwa nini sheria moja imezaa matokeo mawili? Jibu liko kwenye ule mfuko wa televisheni. Kikomo cha England kinazidi kidogo pauni milioni 2, lakini mgawo ambao klabu hupata kutoka ligi hautoshi kukifikia. Anayeweza kufika ukingoni ni mwenye mashabiki wengi au mfadhili mkubwa. Kwa wengine, kikomo ni dari la nyumba ambayo hawajaijenga. Bradford wenyewe, mabingwa wa 2005, walizama kwenye madeni hadi kampuni iliyoendesha klabu ikafilisiwa mwaka 2017. Kikomo hakikuwaokoa, kwa sababu mtu anaweza kufilisika akiwa chini kabisa ya kikomo kama mapato yake ni madogo zaidi.

Bili anailetewa nani?

Swali gumu zaidi ni nani anayegharimia usawa huo. Jibu halina kona: ni mchezaji.

Mwanaraga ana miaka kumi hivi ya kuuza nguvu zake, akibahatika kuepuka majeraha. Kikomo kinamwambia kwamba hata kama yupo mwajiri aliye tayari kumlipa zaidi, haruhusiwi. Wachezaji wa Australia hawakukaa kimya. Dennis Tutty wa klabu ya Balmain alipinga sheria ya zamani iliyomfunga mchezaji kwa klabu yake hata mkataba ulipokwisha. Aligoma kucheza msimu mzima wa 1969, na mwaka huohuo Balmain wakatwaa ubingwa bila yeye. Medali aliikosa, lakini mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Australia ilimpa haki. Mwaka 1991 wachezaji wakashinda tena, Mahakama ya Shirikisho ilipofuta utaratibu uliokuwa ukiwagawa kwa klabu bila wao kuchagua waende wapi.

Kikomo kimebaki, na wachezaji wamejifunza kukikwepa kwa miguu. Mwaka 2008 Sonny Bill Williams aliiacha Bulldogs katikati ya mkataba na kwenda Toulon, Ufaransa, kucheza raga ya wachezaji 15. Ligi ikibana sana, jirani asiyebana ananufaika.

Port Moresby na dola isiyokatwa kodi

Hapo ndipo suala la mishahara linapogeuka suala la ujirani. Desemba 2024, Waziri Mkuu wa Australia, Anthony Albanese, na mwenzake wa Papua New Guinea, James Marape, walitangaza kwamba nchi hiyo ya Pasifiki itaingiza timu katika NRL mwaka 2028. Serikali ya Australia iliahidi dola milioni 600 kwa miaka 10, kwa ajili ya timu hiyo na maendeleo ya mchezo katika ukanda mzima. Papua New Guinea ndiko raga ya wachezaji 13 inapendwa kama mchezo wa taifa, na ndiko Australia inakoshindana na China kutafuta ushawishi. Siasa za mkataba huo hazikufichwa.

Lakini wahasibu wa klabu nyingine waliona jambo jingine. Ili kuwavuta nyota wahamie Port Moresby, serikali ya Marape iliahidi kuwasamehe wachezaji kodi ya mapato. Kikomo kitakuwa kilekile kwa klabu zote, ila dola moja ya Port Moresby itabaki dola, na ya Sydney itakatwa kodi kabla haijafika mfukoni. Watetezi wanasema ni fidia ya haki kwa kumwomba mchezaji ahamishe familia yake kwenye mji wenye matatizo ya usalama. Wapinzani wanasema ni mlango wa nyuma uliofunguliwa na serikali mbili. Kila upande una hoja, na mjadala huo unaonyesha kwamba usawa wa kwenye karatasi hauvuki mpaka wa nchi bila kubadilika sura.

Na kwetu?

Tangu Azam walipochukua ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2013/14, hadi msimu wa 2024/25, hakuna aliyelishika kombe hilo isipokuwa Yanga na Simba. Yanga mara tatu, Simba mara nne, kisha Yanga tena mara nne. Si kosa la klabu hizo kupendwa, wala wafadhili wao hawavunji sheria yoyote. Zaidi ya hapo, nguvu hiyo imeleta heshima: Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025.

Hilo ndilo linalofanya nakala ya sheria ya Sydney isifae kubandikwa ukutani Dar es Salaam. NRL haina mashindano ya bara ambako klabu zake zitakutana na matajiri wa Cairo au Casablanca. Simba na Yanga wanayo. Ukiwafunga kamba nyumbani, unawapeleka vitani wakiwa wamefungwa. Isitoshe, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahimiza wafanyakazi wavuke mipaka kwa uhuru. Kikomo kikiwekwa Tanzania peke yake, wakala wa mchezaji hatahitaji zaidi ya tiketi ya basi kumpeleka mteja wake nchi jirani. Kwa hiyo kikomo chochote chenye maana kingelazimika kujadiliwa na majirani kwa pamoja.

Kinachoweza kuanza bila kusubiri ni zile nguzo mbili ambazo hazivutii vichwa vya habari. Ya kwanza ni mgawo. Mkataba wa Azam Media na soka la Tanzania, uliotiwa saini mwaka 2021 kwa thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, unaonyesha kwamba fedha za matangazo zipo. Swali ni kama klabu ya mkoani inapata kiasi cha kuiwezesha kulipa mishahara kila mwezi, mwaka mzima. Ya pili ni hesabu zinazokaguliwa. Kabla ya kuuliza klabu tajiri inalipa kiasi gani, ni vema kuuliza klabu maskini imelipa lini mara ya mwisho. Kwa mchezaji anayedai malimbikizo ya miezi mitano, dari la mshahara si tatizo lake. Yeye anatafuta sakafu.

Melbourne Storm walirudi. Mwaka 2012 walitwaa ubingwa chini ya kocha yuleyule, Craig Bellamy, safari hii bila daftari la pili. Lakini ukifungua orodha rasmi ya mabingwa wa NRL, mbele ya miaka ya 2007 na 2009 hutakuta jina la klabu yoyote. Washindi wa pili hawakupandishwa. Nafasi zimeachwa wazi, na kila klabu inayofikiria kuficha mkataba kabatini inaziona.